Mbao pana juu ya zege: kisa cha sakafu ya nyumba moja

Mume na mke wa kisa hiki walikuwa wameshachagua sakafu yao kabla ya kuniita. Walitaka mwaloni mweupe, mbao nzima zisizo na tabaka, upana wa milimita 180 na unene wa milimita 19, kuanzia sebuleni, sehemu ya kulia na jikoni hadi vyumba vya kulala vya juu. Sampuli waliyoletewa ilikuwa nzuri kweli, nyuzi zimetulia, rangi ya kahawia iliyopauka. Swali walilobakiza lilikuwa moja tu: wapake mafuta au vanishi?

Ni swali halali, ila zamu yake ni ya mwisho. Sakafu ya mbao huchaguliwa kuanzia chini kwenda juu. Kwanza unaangalia kinacholala chini ya ubao, kisha hewa ya nyumba, kisha namna gogo lilivyopasuliwa. Rangi na mng'ao hufuata. Nyumba hii inaonyesha sababu yake kwa uwazi, ndiyo maana naieleza kwa kirefu.

Ni nyumba ya ghorofa moja. Chini kuna zege lililomwagwa juu ya udongo miaka mingi iliyopita, likafunikwa kwa vigae. Juu kuna maboriti ya mbao na sakafu ya zamani iliyochoka. Sebule, sehemu ya kulia na jiko vimeachwa wazi bila kuta za kuvitenganisha, na upande wa magharibi kuna mlango mpana wa kioo. Wanaoishi humo ni wazazi, watoto wawili wadogo na mbwa mkubwa. Deki hupigwa kila siku, kwa maji mengi.

Daftari la mama

Mtoto wao mmoja ana pumu. Kwa ajili yake walikuwa na kipimo kidogo cha unyevu wa hewa sebuleni, na mama alikuwa akiandika usomaji wake kwenye daftari. Daftari hilo lilitufaa kuliko sampuli zote zilizokuwa mezani. Lilionyesha kwamba hewa ya ndani hushuka mpaka asilimia 40 hivi wakati wa ukavu na kupanda mpaka karibu asilimia 65 wakati wa mvua.

Mbao haiachi kuvuta na kutoa unyevu hata ikishakauka na kupakwa vanishi. Kwa joto la kawaida la chumba, mbao iliyokaa kwenye hewa ya asilimia 40 hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 65, hutulia karibu na 12. Katika nyumba hii, basi, kila ubao ungesafiri pointi nne kwenda na pointi nne kurudi, mwaka baada ya mwaka.

Kwa urefu, ubao haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa upana ndiko kwenye kazi. Mwaloni mweupe uliopasuliwa bapa, yaani uso wa ubao ukifuata pete za ukuaji za gogo, hubadilika upana kwa takriban asilimia 0.365 kwa kila pointi moja ya unyevu. Zidisha milimita 180 kwa kiwango hicho, kisha kwa pointi nne: unapata milimita 2.6 kwa ubao mmoja. Sebule yao ina upana wa mita 5, hivyo inameza mbao 28 hivi, na jumla ya mwendo wote inafika sentimita 7 na kidogo. Hakuna anayeacha nafasi ya sentimita saba kando ya ukuta.

Kwa vitendo mwendo huwa mdogo kuliko hesabu, kwa sababu misumari na gundi hushikilia na vanishi hupunguza kasi ya unyevu kuingia. Lakini nguvu iliyozuiwa haipotei. Wakati wa ukavu hujitokeza kama mianya kati ya mbao, na wakati wa mvua mbao hubanana, kingo zikainuka na katikati pakabonyea. Sakafu ya namna hiyo ukiipitisha mashine ya msasa kwa haraka, ikija kukauka inafanya mgongo, kwa sababu kingo zimeshaliwa. Nimeona watu wakilipia kosa hilo mara ya pili na ya tatu, na kila mara lawama ikienda kwa mti.

Nikawawekea hesabu ya njia nyingine tatu. Ubao wa mwaloni huohuo wenye upana wa milimita 90 husogea milimita 1.3. Ubao wa 180 uliopasuliwa kwa robo, yaani gogo likatwe robo nne kwanza ili pete zisimame wima ndani ya ubao, husogea takriban asilimia 0.18 kwa kila pointi, ambayo ni milimita 1.3 vilevile. Msaji uliopasuliwa bapa, upana wa 180, nao unaangukia hapohapo, kwa kuwa msaji ni mtulivu kwa asili yake. Kwa hiyo anayetaka utulivu anaweza kuununua kwa upana mdogo, kwa namna ya upasuaji, au kwa aina ya mti. Wauzaji wengi humwonyesha mteja njia moja tu kati ya hizo, ile iliyo stoo.

Mbao za kupasuliwa kwa robo zilimvutia mume, hasa kwa ile miale inayong'aa usoni mwa mwaloni uliokatwa hivyo. Ni ghali zaidi, maana gogo hutoa mbao chache na kazi ya kulipasua ni kubwa. Pengine wangezichukua. Kilichobadilisha mazungumzo ni zege.

Zege halikuwa kavu

Watu wengi huamini kwamba zege la zamani ni zege kavu. Zege jipya hukauka polepole. Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Zege la zamani lililolala juu ya udongo bila karatasi ya nailoni chini yake halimalizi kukauka kamwe, kwa sababu hunywa kutoka ardhini. Vigae havilalamiki, maji hupita kwenye maungio na kupotea hewani bila mtu kujua.

Tuliondoa vigae sehemu tatu. Kwanza tukabandika vipande vya nailoni juu ya zege, kingo zote zikafungwa kwa utepe, vikalala usiku kucha. Kipande kilichokuwa karibu na ukuta wa nje kilikuwa na matone upande wa chini asubuhi. Kipimo hicho kinakupa onyo, hakikupi namba, na hata kisipoonyesha kitu hakithibitishi kwamba zege ni kavu. Namba hutoka kwenye matundu: zege hutobolewa mpaka asilimia 40 ya kina chake, kifaa kikaachwa ndani, kisha unasomwa unyevu wa hewa iliyo ndani ya zege lenyewe. Katikati ya sebule palisoma 72. Karibu na ukuta wa nje palisoma 88. Viwanda vingi vya sakafu huweka kikomo cha 75 au chini kidogo, na ukizidisha dhamana yao inakufa.

Tukatoka nje kuangalia ukuta huo. Bomba la maji ya paa lilikuwa linamwaga chini ya msingi, na tuta la maua lilikuwa limejazwa udongo mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Uchaguzi wa mbao za nyumba hii ulianzia pale, kwenye bomba na tuta. Bomba likaongezwa urefu ili limwage mbali, udongo ukapunguzwa mpaka chini ya usawa wa zege, na vigae vyote vikatolewa ili zege lipumue kabla ya kupimwa tena. Usomaji wa ukutani ulishuka, lakini haukufika mahali pa kuaminiwa, kwa hiyo zege lote likapakwa epoksi ya kuzuia unyevu, mikono miwili. Ningesisitiza mpangilio huo kwa yeyote: ziba chanzo kwanza, kizuizi baadaye. Epoksi inayopakwa huku bomba likiendelea kumwaga inabebeshwa mzigo ambao haukustahili kuwa wake.

Katika hali hiyo, mbao nzima za upana wa 180 zilizogandishwa juu ya zege la chini sikuweza kuzipendekeza, hata za robo. Kulikuwa na njia ya kuzipigilia juu ya mirunda midogo na plaiwudi, ila sakafu ingepanda sentimita kadhaa, milango yote ikatwe, na ngazi ya kwanza ya kwenda juu iwe fupi kuliko nyenzake. Ngazi isiyolingana ni mahali pa kujikwaa, na nyumba ina watoto wadogo.

"Lakini hizo ni mbao feki"

Hivyo ndivyo mama mwenye nyumba alivyosema nilipotaja mbao za tabaka, na hofu yake ina msingi. Ziko mbao za tabaka zenye ngozi ya mwaloni isiyofika milimita moja juu ya ubao wa vumbi lililogandishwa. Zikichunika, safari imekwisha. Zipo pia zenye mwaloni halisi wa milimita 4 mpaka 6 juu ya tabaka za plaiwudi zilizopishanishwa nyuzi, na hizo ni kitu kingine kabisa. Tabaka likitaka kutanuka upande huu, la chini yake linalizuia, na ubao mpana unatulia kwa namna ambayo ubao mzima hauwezi.

Hoja iliyomgusa ilikuwa ya kupimika, kwa hiyo tulichukua rula. Ubao mzima wa milimita 19 una ulimi na mfereji pembeni ili mbao zishikane. Mbao iliyo juu ya ulimi ni takriban milimita 6. Chini ya hapo huwezi kupiga msasa, maana utafika kwenye ulimi na vichwa vya misumari. Milimita 13 zilizobaki ni mwili wa kushikilia, hakuna atakayezikanyaga. Kila msasa mkubwa wa mashine hula kati ya nusu milimita na milimita moja, kwa hiyo ubao wa tabaka wenye mwaloni wa milimita 4 unaruhusu misasa kadhaa, na familia nyingi haziifanyi mara nyingi hivyo katika maisha yao. Faida ya ubao mzima ipo, lakini ni milimita mbili hivi. Unene wote unaotajwa kwenye tangazo hauhusiki.

Nikawaomba wasinunue kwa kuangalia uso. Ukate ubao, uangalie kichwa chake: tabaka la juu lina milimita ngapi, katikati kuna plaiwudi au vumbi, gundi imeshika kote? Kwa sababu ya pumu ya mtoto, tulidai pia karatasi inayoonyesha kiwango cha fomaldehidi, gesi yenye kukera mapafu, inayotoka kwenye gundi, angalau daraja la E1 la Ulaya. Muuzaji wa kwanza hakuwa nayo. Tulimwacha.

Ugumu, mbwa na namba ya Janka

Mume alikuwa na wasiwasi wa kucha za mbwa, na mtu alikuwa amemshauri aachane na mwaloni achukue jatoba, mti mgumu wa Amerika ya tropiki. Ushauri huo hutegemea namba ya Janka, iliyotokana na kipimo cha mtaalamu wa mbao Gabriel Janka cha mwaka 1906: unapima nguvu inayohitajika kuzamisha gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 ndani ya mbao mpaka nusu yake. Mwaloni mweupe huhitaji takriban nyutoni 6,000. Msaji uko chini ya hapo, kati ya 4,500 na 5,000 hivi. Jatoba hupita 10,000.

Namba hiyo inasema kweli kuhusu kubonyea: kiatu chenye kisigino chembamba, sufuria iliyoanguka, mguu wa kochi. Kuhusu mikwaruzo inasema kidogo sana. Kucha na punje za mchanga zinazoingia na viatu hukwaruza vanishi kwanza, na vanishi ya juu ya jatoba haina ugumu wa jatoba. Zaidi ya hapo, mkwaruzo unaonekana kwa kadiri ya uso ulivyo. Mbao nyeusi, laini, yenye mng'ao mkali huonyesha kila kitu, ilhali mwaloni uliopauka, wenye vinyweleo wazi na usio na mng'ao, huuficha ndani ya nyuzi zake. Kwa nyumba yenye mbwa, mng'ao una uzito kuliko Janka. Zulia la kufutia miguu mlangoni nalo lina uzito kuliko vyote viwili.

Walijiuliza pia kuhusu mkongo, kwa uzuri na uimara wake. Ni mti wa kuheshimika kwa sakafu. Nikawakumbusha jambo moja la kisheria ambalo wanunuzi hulisahau: tangu Februari 2023, spishi za Kiafrika za mkongo, mninga na mkangazi zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ipe ya Amerika Kusini ikafuata Novemba 2024. Haina maana kwamba zimepigwa marufuku. Ina maana kwamba mbao hizo zikivuka mpaka wa nchi, pamoja na zile zilizochongwa tayari kwa sakafu, zinahitaji kibali kinachoonyesha zimevunwa kihalali na bila kuumaliza mti msituni. Anayeuza mbao zilizovuka mpaka bila karatasi hiyo anamuuzia mteja mzigo wa mtu mwingine. Kwangu hili si jambo la pembeni. Miti hii huchukua miongo mingi kukomaa, na sakafu ni anasa inayoweza kusubiri kibali. Walibaki na mwaloni.

Mahali pa kuweka fedha

Bajeti ilikuwa imeelekezwa kwenye daraja la juu kabisa, mbao zisizo na hata fundo moja. Daraja ni suala la sura tu. Ubao wenye mafundo madogo yaliyozibwa vizuri hubeba mtu na kochi kama mwenzake msafi. Niliwashauri washuke daraja moja, na kilichookolewa kikaongeza unene wa tabaka la juu na kulipia epoksi. Mama alipotandaza mbao kumi za daraja hilo sakafuni, badala ya kuangalia sampuli moja mkononi, akazipenda zaidi. Ndivyo rangi inavyopaswa kuchaguliwa: mbao nyingi, zimelala chini, ndani ya chumba chenyewe, asubuhi na jioni.

Jikoni mbao ziliondolewa. Majokofu huvuja na mashine za kuoshea vyombo huvuja, na deki yao ni ya maji. Vigae vilibaki pale, vikakutana na mbao kwenye mstari wa kaunta. Katika vyumba vingine deki ya ndoo ilibidi iage: tambara lililokamuliwa mpaka likaribie kukauka, basi.

Juu hali ilikuwa nyingine, na uchaguzi ukawa mwingine. Hakuna udongo chini, maboriti yalisoma unyevu wa asilimia 11, na msumari una mahali pa kushika. Huko tuliweka mwaloni mzima wa upana wa 90, umepigiliwa kwa kukatiza maboriti. Mbao hazikupigiliwa siku zilipofika. Watu husema ziache zilale ndani wiki moja au mbili, lakini kalenda haijui chochote kuhusu unyevu. Unapima ubao, unapima kinachoupokea, na unasubiri tofauti iingie ndani ya pointi 4 kwa mbao nyembamba, pointi 2 kwa mbao za milimita 75 na kuendelea. Plasta mbichi ikiwa bado inatoa maji ukutani, kuziingiza mbao ndani ya chumba hicho ni kuzinywesha.

Chini, mbao za tabaka zenye upana wa 180, mwaloni wa milimita 4 juu, ziligandishwa kwa gundi inayonyumbulika. Zege lilisawazishwa kwanza, kwa sababu kulikuwa na bonde la milimita 9 ndani ya mita 3, na kinachovumilika ni kama 5. Kando ya kuta zote iliachwa nafasi ya milimita 15, sketingi ikaifunika. Mbele ya kioo cha magharibi pia nafasi iliachwa, ingawa fundi alitaka kubana pale ili mstari uonekane safi.

Ndipo tukarudi kwenye mafuta na vanishi. Mafuta yenye nta huingia ndani ya mbao, na sehemu iliyochubuka unaweza kuirekebisha peke yake bila kugusa chumba kizima. Gharama yake ni uangalizi wa mara kwa mara, na mkojo wa mbwa ukikaa juu yake huacha doa jeusi kwenye mwaloni, mti wenye tanini nyingi, kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi kwa urahisi. Vanishi ya kiwandani hustahimili maji na mikwaruzo kwa miaka, ila ikichoka kabisa chumba chote hupigwa msasa. Mimi ningechagua mafuta kote, kwa sababu napenda sakafu inayorekebishika. Wao walichagua vanishi isiyo na mng'ao chini na mafuta juu, kwa kuwa mbwa hapandi ngazi. Sababu yao ni nzuri kuliko upendeleo wangu.

Kwa jua la magharibi hakuna vanishi inayoleta kinga kamili. Mwaloni utageuka rangi taratibu kuelekea manjano, na zulia likilazwa mapema mno litaacha mraba wa rangi ya zamani. Wamekubali kuacha sebule bila zulia miezi ya mwanzo na kusogeza samani mara kwa mara.

Walinunua asilimia 10 zaidi ya eneo kwa ajili ya vipande vinavyopotea kwenye ukataji. Katika kilichobaki, masanduku mawili yaliwekwa akiba, chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Stoo ya nje ilikuwa na nafasi zaidi, lakini mbao zitakazoziba pengo la sebuleni zinatakiwa kuishi katika hewa ileile ya nyumba. Karatasi ya vipimo vya zege imebandikwa juu ya sanduku la kwanza, pamoja na aina ya gundi na jina la vanishi, ili fundi atakayekuja baada ya miaka aikute.